Sauti Inapokataa Kutoka katika Kompyuta ya Chama

Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya "Mtu ni Afya", wanavijiji wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza mafunzo ya redio. Aliyejua kusoma na asiyejua walisikia neno lile lile. Siku hizi mafunzo ya ushirika yaweza pia kutolewa kwa sauti katika programu ya kompyuta. Sauti hiyo ikinyamaza, mwanachama asiyejua kusoma ndiye anayekosa haki yake. Kwa chama cha msingi kilichoko Mamba, huko Mpimbwe mkoani Katavi, safari ya kumfuata fundi Mpanda mjini ni ndefu. Yafaa basi karani ajue pa kuanzia.

Programu haitoi sauti yenyewe. Huisoma faili na kuikabidhi kwa mfumo endeshi, nao huipeleka kwenye spika. Windows, Linux na mfumo wa Apple kila mmoja una njia yake. Ndiyo sababu programu moja husema katika kompyuta hii na kuwa bubu katika ile.

Kwanza, ijaribiwe programu nyingine. Zote zikiwa kimya, kosa li katika waya, spika au kiasi cha sauti cha kompyuta nzima. Ikinyamaza moja tu, uchunguzi uendelee.

Pili, itazamwe sauti ya programu hiyo. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kila programu ina kipimo chake, na huweza kuzimwa peke yake.

Tatu, itazamwe aina ya faili. Faili ya WMA, iliyobuniwa na Microsoft, mara nyingi hukataliwa na mifumo mingine. WAV na MP3 hukubaliwa karibu kote. Lakini dakika moja ya WAV yaweza kufikia megabaiti 10, ambapo MP3 huhitaji kama 1 tu.

Nne, lisomwe jina la faili. Kwa Windows, "Hesabu.mp3" na "hesabu.mp3" kwa kawaida ni kitu kimoja, kwa Linux ni faili mbili. Herufi moja kubwa yatosha kulinyamazisha somo zima.

Ni wajibu wa karani kuyajaribu mafunzo kabla ya siku ya mkutano, katika kompyuta ile ile itakayotumika, na kuandika daftarini kosa lililopatikana na dawa yake. Wanachama waliotembea kutoka mashambani wasirudi bila kusikia.