Gidi hacheki, Ghost hajizuii

Katika vibanda vya Huruma, mjini Eldoret, kila redio ina kabila na dini yake. Huyu amefungulia kipindi cha Kikalenjin, jirani yake cha Kiluhya, wa tatu yuko na injili tangu alfajiri. Ila asubuhi za siku za kazi, nyingi huishia kwa watu wawili walioketi studio Nairobi: Gidi na Ghost wa Radio Jambo.

Hakuna kati yao aliyeanza kwa uchekeshaji. Gidi ni Joseph Ogidi, nusu ya Gidi Gidi Maji Maji, wale wa “Unbwogable”, wimbo uliopigwa kila pembe muungano wa NARC ulipokuwa ukiusaka uongozi mwaka 2002. Ghost ni Jacob Mulee, kocha aliyeipeleka Harambee Stars Tunisia mwaka 2004, ikaichapa Burkina Faso 3-0, ushindi wa kwanza wa Kenya katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Lakini wasikilize kwenye Patanisho, sehemu ya kipindi chao ya kupatanisha waliokosana, uone walivyogawana kazi: mmoja anaishika hadithi, mwingine anaivuruga.

Mtu amekosana na mkewe, au na baba mkwe, anaomba apatanishwe. Gidi anayasikiliza mashtaka kwa utulivu wa karani wa korti, kisha anampigia upande wa pili. Simu inaita. Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu wewe msikilizaji umeshaambiwa kisa na anayepigiwa hajui kuna nini. Akishapokea na kuanza kueleza yake, yule mpole wa mwanzo anageuka mtu mwingine kabisa: kumbe mbuzi wa mama mkwe aliuzwa, na fedha zake hazikufika nyumbani. Ghost anaangua kicheko, na kicheko hicho kinakupa ruhusa ya kucheka jambo ambalo kwa adabu ungelinyamazia. Gidi hacheki. Angecheka naye, mchezo ungekwisha.

Zamani kichekesho cha redio kikishapita kimepita. Siku hizi visa hivi hukatwa, vikawekwa YouTube, vikatumwa WhatsApp, vikanakiliwa kwenye flashi na kusikilizwa tena ndani ya matatu. Hiyo ndiyo albamu yetu ya vichekesho vifupi, isiyo na jalada.

Huruma inaisikiliza kwa sikio lake. Ni wadi ya eneobunge la Turbo ambako Mkalenjin, Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo na Mkisii hupanga katika ploti moja na kungojana kwenye mfereji mmoja. Aliyepiga simu akitamka sentensi ya kwanza, ploti nzima inajua kwao ni wapi. Na huu ni mji ambao baada ya uchaguzi wa 2007 watu walifukuzwa makwao kwa sababu ya kabila, kwa hivyo kucheka lafudhi ya mtu si jambo la kuchukulia juu juu.

Mzee Ojwang alilielewa hilo mapema. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini katika Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha KBC, alizungumza kama Mjaluo kwa ufasaha uliowadanganya wengi. Pembeni alikuwa na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, wa kumshusha kila alipojikweza. Tulimcheka Ojwang kwa majivuno yake. Lafudhi ilikuwa vazi tu, na kamera ikizimwa alilivua.

Anayepiga Patanisho hana cha kuvua. Kipindi kikiisha anabaki na mke yule yule na majirani waliosikia kila kitu. Mimi nacheka kama wengine, tena kwa sauti, lakini nadhani redio zetu zimezoea mteremko: kwa nini ulipe mwandishi na mwigizaji wakati msikilizaji analeta aibu yake bure?

Visa vya kuandikwa vimejaa hapa hapa. Chukua keteka, yaani msimamizi wa ploti, na mpangaji, tarehe tano, kodi haijalipwa, na mpangaji amezima taa ili aonekane hayupo ilhali harufu ya omena inatoka chini ya mlango. Sauti mbili zinatosha, dakika tatu zinatosha. Gidi angemfaa keteka. Mpangaji angekuwa Ghost, ingawa sioni angewezaje kujificha gizani bila kucheka.