Daraja Maalumu: Historia ya S-Klasse ya Mercedes-Benz (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyotangulia iliishia kwenye gari la 1959, ambalo kwa mawazo ya mhandisi Béla Barényi lilipewa pua na mkia vya kukunjika ajali itokeapo, ili nguvu ya mgongano iishie huko na chumba cha abiria kibaki kizima. Gari lililofuata baadaye, lililozinduliwa mwaka 1972 na kupewa alama ya kiwandani W116, ndilo la kwanza kuitwa rasmi S-Klasse, na herufi hiyo S ni kifupi cha Sonderklasse, yaani daraja maalumu. Katika jina kama 450 SEL, E huonyesha kwamba petroli hupulizwa kwa sindano badala ya kuchanganywa na hewa katika kabureta, na L ni ya lang, neno la Kijerumani lenye maana ya refu, kwa kuwa bodi iliongezwa urefu ili abiria wa nyuma anyooshe miguu.

Wengi hulisifu gari hili kwa viti na utulivu wake, ilhali ustadi wake mkubwa umefichika mahali pasipotazamwa. Tangi la mafuta liliwekwa juu ya ekseli ya nyuma, mbali na kishindo cha kugongwa kwa nyuma. Na taa za nyuma zilipewa matuta, ambayo wengi huyadhania kuwa pambo tu, kumbe tope hushika sehemu zilizotokeza na mabonde yake hubaki safi, mwanga ukaendelea kuonekana. Kuhusu 450 SEL 6.9 ya 1975, yenye injini ya karibu lita saba, inatosha kusema kwamba ilitoka wakati mbaya, miaka miwili tu baada ya mgogoro wa mafuta.

Jambo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1978, kampuni ilipoleta pamoja na Bosch breki za ABS. Gurudumu lililobanwa kabisa huserereka, na likiserereka usukani haulielekezi tena. Kwa hiyo vipimio hufuatilia mzunguko wa magurudumu, na kompyuta ndogo hulegeza na kukaza breki mara nyingi kwa sekunde moja, dereva akaweza kukwepa huku akisimama. Jaribio la 1970 lilikwamishwa na elektroniki dhaifu za wakati ule. Hata mwaka 1978 breki hizo ziliuzwa kwa malipo ya ziada, na tajiri asiyeziagiza aliondoka na gari lisilo nazo.

(Itaendelea)