Mwanangu Ana Afya, Maalim

Wiki hii nawaomba radhi akina mama wasomaji wetu, kwani nitaingia jikoni kwenu, na mtu akiingia jikoni kwa watu hana budi kubisha hodi.

Mimi ni mzaliwa wa Pwani, ila riziki imenipeleka bara kusomesha chuo huko Suna, katika mji wa Migori, karibu na Isebania na mpaka wa Tanzania. Katika darasa langu yumo mvulana wa miaka 9, mwenye sauti nzuri, aliyekwisha hifadhi juzuu mbili za mwisho. Mwaka jana nilianza kuona kwamba hukawia kuinuka kutoka kwenye sijida. Hutanguliza mkono mmoja chini, huvuta pumzi, ndipo huinuka. Wenzake walimcheka. Nami, astaghfirullah, nilimdhania uvivu nikamkemea mbele ya watoto. Baadaye moyo ulinisuta, nikamwita mama yake nikamwuliza kama mtoto anaumwa.

"Mwanangu ana afya, maalim," akanijibu kwa fahari. "Hata majirani huniuliza namlisha nini."

Neno hilo afya nimelifikiri sana tangu siku ile. Kwetu Pwani pia mtoto mnene husifiwa kuwa ana afya, na aliyekonda huulizwa ana nini. Lakini huko Suna neno hili lina uzito zaidi. Watu wa Migori na Homa Bay wamezika sana. Kwa miaka mingi kaunti hizi mbili zimekuwa miongoni mwa zilizoathiriwa zaidi na Ukimwi nchini Kenya, na katika miaka ya 1990, kabla dawa hazijawafikia watu, kukonda ndiko kulikokuwa habari ya kwanza ya msiba. Mama huyu alikuwa binti mdogo wakati huo. Aliwaona shangazi zake wakipungua mmoja baada ya mwingine, kisha akawaona wakibebwa. Mtu wa namna hii ukimwambia kwamba mwanawe amenenepa kupita kiasi, unamwambia jambo zito. Kwa hiyo sipendi kusikia mtu akisema kwamba akina mama hawa ni wajinga.

Tulipokuwa tukiagana, akaniambia kwa haya kwamba lipo jambo moja tu linalomsumbua. Shingo ya mtoto imekuwa nyeusi, na ngozi yake imekuwa nzito kama mahameli. Kila Ijumaa humsugua kwa dodoki mpaka mtoto hulia, na haitakati. Alichelea nisije nikadhani kwamba mtoto hatwahirishwi. Nilimshauri ampeleke hospitali, bila ya kujua kwamba shingo hiyo ndiyo iliyokuwa ikisema.

Muuguzi alipoiona hakuuliza habari za sabuni. Alimpandisha mtoto kwenye mizani: kilo 47, wakati mvulana wa umri wake kwa kawaida huwa na kilo kama 28. Kisha akampima sukari ya damu. Ilikuwa imepanda, haijafika kuwa ugonjwa wa kisukari, lakini imekwisha uacha uzima. Akatufahamisha kwamba mafuta yakizidi mwilini, kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi mno ili sukari iingie kwenye misuli, na insulini hiyo ikizidi huitia ngozi weusi shingoni na makwapani. Basi, dada zangu, mkiona shingo ya namna hiyo kwa mtoto mnene, wekeni dodoki chini. Huo si uchafu. Mpelekeni akapimwe. Tena mtoto wa namna hiyo akikoroma sana usiku na kuamka amechoka, mwelezeni daktari na hilo.

Mama alilia. Baada ya kutulia tukakaa tukahesabu mtoto anakula nini kutwa, na hapa ndipo nilipojifunza mengi. Asubuhi chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu na mandazi manne. Saa nne, shuleni, smokie iliyopasuliwa na kutiwa kachumbari. Saa kumi, akija chuoni, chipsi za shilingi 50 za kibandani na soda ndogo. Usiku, wali au ugali, kwa kuwa mama huuza nguo za mitumba sokoni na hurudi baada ya Isha, na baba ni dereva wa lori, huwa njiani wiki nzima. Shilingi 50 zile ndizo zilizokuwa zikimlea mtoto kuanzia adhuhuri hadi usiku. Zilimshibisha, na mama akiwa sokoni moyo wake ulitulia kwa kujua kwamba mwanawe ameshiba.

Tukisema vyakula vya haraka, wengi wetu hufikiri maduka makubwa ya kigeni. Ni kweli hayo nayo yapo. KFC ilifungua mlango wake wa kwanza Nairobi mwaka 2011, na Januari 2022 ilipoishiwa na chipsi, Wakenya walistaajabu kusikia kwamba viazi vyake vilikuwa vikiletwa kutoka ng'ambo, ilhali Nyandarua kuna viazi vya kumwaga. Lakini mtoto wa Suna hanenepi kwa maduka hayo. Hunenepa kwa kibanda cha kioo kilicho mbele ya shule, chenye mafuta yaliyopikiwa jana na juzi, na soseji nyekundu iliyochomekwa kijiti. Duka la mjini humpa hamu tu, kwa picha za kwenye simu ya mama. Kibanda ndicho kinachoikata hamu hiyo, kwa bei anayoiweza.

Nilipomwuliza mama yule kama amewahi kukitilia shaka chakula kile, alinitazama kwa mshangao. "Lakini ni halali, maalim. Kuku amechinjwa na Muislamu, na smokie nimesoma pakiti." Na kweli alisoma. Sisi Waislamu tunaoishi bara tumekuwa hodari wa kuuliza nani kachinja. Lakini Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 168, ameyataja mawili pamoja: chakula kiwe halali, na kiwe tayyib, yaani kizuri, kisafi, chenye kufaa. Nusu ya kwanza tumeishika kwa meno. Nusu ya pili nadhani hata sisi masheikh hatuitilii mkazo mimbarini, labda kwa sababu baada ya khutba tunaalikwa pilau. Na katika Al-A'raf, aya ya 31, hapo hapo tuliporuhusiwa kula na kunywa ndipo tulipokatazwa israfu.

Sukari peke yake yataka mazungumzo yake. Soda nyingi za kola huwa na gramu 10 au 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya nusu lita basi ina zaidi ya gramu 50, nazo ni vijiko vya chai 12 au 13. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba hata mtu mzima ni bora asizidishe gramu 25 hivi kwa siku nzima. Ndugu zetu wa Oman, ambako wengi wenu mna wajomba na shangazi, serikali yao ilizitoza soda kodi ya asilimia 50 tangu Juni 2019. Suna sisi tumezungukwa na miwa. Kiwanda cha sukari kipo Awendo, si mbali na mjini, na kumwambia mtu wa huko apunguze sukari ni kama kumwambia mtu wa Lamu apunguze nazi.

Nisije nikawatia hofu isiyo na kipimo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto wa Kenya wa chini ya miaka 5 waliodumaa walikuwa 18 katika kila 100, na wenye uzito uliozidi walikuwa 3 tu. Njaa bado ni adui mkubwa, na Migori wapo watoto wasioiona nyama kwa mwezi. Lakini mvulana wangu wa miaka 9 hamo katika hesabu ya watoto hao wadogo. Na utafiti huo huo uliwakuta wanawake 45 katika kila 100, wa miaka 20 hadi 49, uzito wao umezidi. Duniani kote mwaka huo, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliozidi uzito walikuwa zaidi ya milioni 390. Katika nyumba moja utamkuta mama mnene na kitinda mimba aliyedumaa, na wote wawili wamekosa kitu kimoja, chakula kinachojenga.

Nacho chakula hicho Suna kimejaa. Sokoni kuna dagaa wa ziwani, ambao huko huitwa omena, kuna ngege, kuna mnavu, mgagani, kunde na mrenda, kuna mtama na wimbi wa uji. Jirani zetu Wajaluo wamekula hivyo tangu zamani. Ila sisi tuliotoka Pwani, tuseme kweli, tuliyaona mapishi hayo kuwa ya kibara, na omena kuwa na harufu. Watoto wetu wakajifunza kukunja pua kabla hawajaonja. Mke wangu siku hizi huwapika omena kwa nyanya, ndimu na tui jepesi. Karibuni.

Sasa nije kwenye kosa langu. Watoto wetu hutoka shuleni saa kumi, huingia chuoni mpaka Magharibi, na Jumamosi huja tangu asubuhi. Yasemwa na wataalamu kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 ahitaji kuutumikisha mwili wake angalau dakika 60 kila siku. Dakika hizo tulizichukua sisi walimu. Wasichana tuliwadhulumu zaidi, maana wakifika miaka kumi huambiwa wakae tu, kama kwamba stara na mwendo ni maadui. Na mtoto akikamilisha juzuu, zawadi yetu ilikuwa nini? Soda na pakiti ya biskuti. Mvulana yule alikuwa wa kwanza darasani, kwa hiyo ndiye aliyezinywa nyingi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfungulia.

Tumebadilisha. Nusu saa ya kwanza baada ya Alasiri watoto hucheza, wavulana upande huu, wasichana nyuma ya ukuta wao na kamba zao. Zawadi ya juzuu sasa ni mpira au daftari zuri. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba wanalipia Qur'ani, si mpira, nami sikuwalaumu, kwa maana mwaka mmoja nyuma ningesema hivyo hivyo.

Jambo lililokuwa gumu ni kibanda. Kamati ilitaka mwenye chipsi aondolewe langoni. Nilikataa. Ni mjane, na watoto wake wawili wanasoma kwetu; ada yao hutoka katika kikaango kile kile. Tukamwomba amwage mafuta ya jana, na pamoja na chipsi auze viazi vitamu vya kuchemsha, njugu na ndizi. Wiki ya kwanza viazi vitamu vilibaki, walimu tukavinunua, tukala siku nne mfululizo. Wiki ya pili aliwaza mwenyewe hila yake: asiwashe kikaango mpaka darasa liishe. Watoto wakitoka kucheza wana njaa, hukuta kilicho tayari ni viazi vitamu. Chipsi bado zinauzwa, na ndizo zenye faida zaidi. Sijui nitafanyaje na hilo.

Mvulana hakuwekwa njaa. Muuguzi alisema mtoto anayekua hatakiwi kukondeshwa. Uzito usimame, kimo kiendelee, vitu viwili vitakutana njiani. Soda ilikoma, mandazi yakawa mawili, na mama humwachia dagaa na ugali nyumbani kwa jirani ale baada ya shule. Miezi saba imepita, uzito ni ule ule wa kilo 47, na kanzu yake ya Idi sasa imemfika juu ya vifundo vya miguu. Shingo imeanza kufifia weusi. Kwenye sijida huinuka pamoja na wenzake, si kila mara.

Juzi mama yake alinijia tena, uso umemsawijika. Majirani wameanza kumwuliza kama mtoto anaumwa, mbona shavu zimepungua. Alitaka kujua awajibu nini. Nilimwambia awajibu kwamba anacheza namba saba.