Paa Livujalo na Ngalawa Ndogo

Jioni ya leo nataka kusema juu ya mambo mawili yagombanayo katika nyumba nyingi. Jambo la kwanza ni matengenezo ya nyumba, ambayo hayana mwisho. La pili ni mchezo ambao mtu aliupenda utotoni, akausahau, kisha akakutana nao tena ukubwani. Kama fedha zingekuwa nyingi, ugomvi huu usingekuwapo. Lakini wengi wetu fedha zetu ni haba, na shilingi iendayo huku haiwezi kwenda kule.

Nitawaeleza kwa kisa kilichonipata mimi mwenyewe, katika mji wa Lamu. Mimi ni mwandishi wa hesabu katika duka, kazi yangu ni kuhakikisha kuwa fedha zilizotoka na zilizoingia zinapatana daftarini. Mtasikia sasa hivi jinsi mtu huyo huyo alivyoshindwa na hesabu ya nyumba yake.

Nyumba tunayokaa tuliachiwa na marehemu baba. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu ya juu imebebwa na boriti, na juu kabisa pana paa la makuti. Mwaka mmoja, mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na mbingu ni nyeupe, nilipanda juu ili kuyaondoa makuti yaliyochakaa. Nilikuwa nimenunua makuti ya upande mmoja tu, na fedha za upande wa pili nilikuwa nimeziweka akiba. Nilipokuwa nikiyavuta yale ya zamani, kitu kilianguka mkononi mwangu, cheusi kwa vumbi na moshi. Kumbe ni ngalawa ndogo, urefu wake kama mkono wa mtoto. Niliichonga mwenyewe nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, nikaificha juu ya pau ili ndugu zangu wasiichukue. Mlingoti ulikuwa umevunjika, na tanga limeliwa na wadudu, lakini mwili wake ulikuwa mzima.

Basi moyo wangu ulirudi nyuma miaka mingi. Nilikumbuka jinsi tulivyokwenda pwani maji yakijaa, kila mtoto na chombo chake, tukashindana mpaka jua kuchwa. Jioni ile niliitengenezea mlingoti mpya. Siku ya pili nilianza kuchonga ngalawa nyingine. Baada ya juma moja nilinunua patasi, kisha tezo ndogo, kisha nguo nzuri ya tanga, kisha kipande cha mti mwepesi. Fedha zilitoka wapi? Zilitoka katika akiba ya makuti. Kila nilipochukua nilisema moyoni, “Nitarudisha mwisho wa mwezi.” Mwezi ulikwisha, na mwingine ukafuata, nami sikurudisha kitu.

Masika hayamngoji mtu. Mwezi wa Aprili mvua ilikuja usiku, ikaingia kwa ule upande ambao haukuezekwa. Mama yangu, ambaye ni mtu mzima sana, alilala chumba cha juu. Usiku ule tulikihamisha kitanda chake mara tatu, na kila tulipokiweka, maji yalikifuata. Asubuhi niliona maji yameteremka ukutani mpaka kwenye vichwa vya boriti. Siku zilipopita na mvua ikaendelea, nilichoma kichwa cha boriti moja kwa msumari, nao ukazama kama katika mkate. Ya pili yake ilikuwa hali moja. Mama alinitazama, wala hakukasirika. Alisema tu, “Mwanangu, ngalawa zako ni nzuri. Lakini kwa hali hii utuchongee moja kubwa, tupate kulala ndani yake.”

Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi. Niliwaza kuzitupa baharini ngalawa zote na zana zake. Lakini baadaye niliona kuwa kosa halikuwa la ngalawa. Kosa lilikuwa kwamba sikuupa mchezo wangu fungu lake, kwa hiyo ukala fungu la nyumba. Nilichukua daftari jipya, nikaanza upya. Na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, nyumba ina utaratibu wake wa kutengenezwa, na asiyeufuata hulipa mara mbili. Adui mkubwa wa nyumba zetu za pwani ni maji. Kwa hiyo paa hutangulia mambo yote. Ukipaka ukuta chokaa nzuri chini ya paa livujalo, umetupa fedha. Baada ya paa tazama mahali boriti zinapoingia ukutani, kwa sababu maji yakikaa pale hayakauki upesi, na mti huoza kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Kisha tazama chini ya ukuta, na baada ya hapo milango na madirisha. Mapambo huja mwisho.

Boriti zetu hutoka katika miti ya mikoko iotayo kwenye matope ya maji ya chumvi. Miti hiyo ni migumu, nayo hustahimili mchwa kuliko miti mingi ya bara. Wauzaji huipanga kwa unene: fito ni nyembamba kabisa, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Mtu mwenye fedha kidogo na ajue tofauti hizi, asije akanunua nguzo mahali ambapo mazio yangetosha, wala asiweke pau mahali panapohitaji boriti. Urefu wa boriti ndio uliokata upana wa vyumba vya nyumba za kale za Lamu. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu lakini vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita 3. Tena miti hii si ya kuchezewa. Zamani ilipelekwa kwa majahazi mpaka Uarabuni na Ghuba, lakini mwaka 1982 serikali ya Kenya ilikataza kuipeleka nje, na hata kuikata kwa matumizi ya nyumbani kunahitaji ruhusa. Boriti ikiharibika kwa uvivu wa mtu, kuna mti mwingine utakaokatwa badala yake.

Jambo la pili ni chokaa na saruji. Ukuta wangu ulipomomoka lipu, jirani mmoja alinishauri kwa nia njema nipake saruji, kwa kuwa ni ngumu na hukauka upesi. Lakini ukuta wa matumbawe huvuta unyevu na chumvi kutoka ardhini. Chokaa huuachia unyevu huo utoke polepole. Saruji huuzuia, unyevu hukaa nyuma yake, chumvi hufanya punje zake na kusukuma, na mwisho saruji hubanduka vipande vizima pamoja na uso wa jiwe. Anayetaka ukuta wake udumu na atumie chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji na kuachwa ipoe kwa majuma kadhaa. Aipake nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka alinyunyizie maji lisikauke kwa haraka na kupasuka. Chokaa huwa ngumu kwa kuvuta hewa, na kazi hiyo haikubali kuharakishwa.

Jambo la tatu ni kujua kazi ipi ufanye mwenyewe na ipi umpe fundi. Kuzibadili boriti zile mbili sikuthubutu. Fundi alikuja, akaitegemeza sakafu kwa nguzo, akazitoa mbovu na kuingiza mpya. Kazi ambayo ikikosewa sakafu huanguka juu ya watu si mahali pa kubana fedha. Lakini kupaka chokaa, kushona makuti kwenye vijiti vyake na kurekebisha mbao za dirisha, hayo niliyafanya kwa mikono yangu. Na hapa ndipo mchezo wangu ulipoanza kulipa deni lake. Mkono uliozoea kutoboa mlingoti mdogo kwa keekee bila kuupasua haukuona taabu kutoboa ubao wa dirisha. Patasi niliyoinunua kwa fedha nisizokuwa na haki nazo ndiyo iliyochimba mahali pa bawaba.

Jambo la nne ni fedha zenyewe. Nilipopiga hesabu, niliona kuwa kila mwezi, baada ya chakula na ada za watoto, naweza kubakiza shilingi 3,000. Nilitafuta mikebe mitatu, nikaipanga katika kidaka cha ukutani. Mkebe wa nyumba hupata shilingi 2,000. Mkebe wa dharura hupata shilingi 700. Mkebe wa ngalawa hupata shilingi 300. Kila mmoja una karatasi yake, na kila kiingiacho na kitokacho huandikwa. Sheria yake ni moja: mkebe wa ngalawa haukopi kwa mkebe wa nyumba.

Labda mtauliza, kwa nini basi nisizitie zile shilingi 300 katika nyumba, hali nyumba ina shida? Hata mimi nilijaribu hivyo miezi miwili ya kwanza, kwa toba. Matokeo yake ni kwamba mwezi wa tatu nilijikuta dukani nikinunua gundi na rangi kwa siri, kama mwizi wa mali yangu mwenyewe. Mtu akijinyima kabisa furaha yake ndogo, furaha hiyo hurudi usiku na kuvunja mlango. Afadhali uipe haki yake ndogo mchana, ijulikane na watu wote wa nyumbani. Mke wangu huisoma karatasi ya ngalawa kama asomavyo karatasi ya makuti, wala hapana la kufichana.

Tena fungu dogo hufundisha akili. Nilipokuwa na fedha za kuiba, nilinunua nguo mpya ya tanga. Nilipokuwa na shilingi 300, niligundua kuwa shuka kuukuu la mama hufanya tanga zuri zaidi, kwa kuwa limelainika. Kipande kilichobaki cha mbao ya dirisha hutoa mirengu ya ubavuni. Kamba ya makumbi iliyobaki katika kuezeka hufunga mlingoti. Chokaa iliyobaki chini ya ndoo, ikichanganywa na shahamu, ndiyo ile ile mabaharia wapakayo chini ya vyombo vyao. Hivyo mabaki ya nyumba yakawa mali ya mchezo.

Jambo la tano ni majira. Kazi ya paa na ya chokaa hutaka siku kavu, nazo siku hizo za kaskazi nimeziwekea nyumba peke yake. Wakati wa masika, mvua inyeshapo, hapana awezaye kuezeka. Ndipo hukaa barazani na tezo yangu. Kabla ya hapo nilidhani kuwa kazi hizi mbili zinanyang'anyana wakati. Kumbe kila moja ina msimu wake.

Wako watakaosema kuwa mtu mzima kuchonga vyombo vya watoto ni upuuzi. Nami nawakumbusha habari za mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, chenye tanga la mkeka, kilichobeba boriti kutoka visiwa vyetu vya Lamu. Mitepe ilitoweka baharini katika karne ya 20, na watu wa leo wanaotaka kujua umbo lake husaidiwa sana na vielelezo vidogo vilivyochongwa na mafundi na kuwekwa katika majumba ya makumbusho. Mimi sijilinganishi na mafundi hao. Nasema tu kuwa mkono ukumbukao umbo la chombo si mkono wa kudharauliwa.

Sasa paa letu limeezekwa pande zote mbili. Lipu ya chumba cha mama bado haijakwisha; robo moja imebaki, nayo itangoja kaskazi ijayo, kwa maana mkebe wa nyumba umepungua na sitaki kukopa. Ile ngalawa ya kwanza iko katika kidaka, karibu na mikebe, ili nisisahau ilikotokea wala kilichotokea baadaye. Nyingine wanazo watoto, nao huzipeleka pwani maji yakijaa.

Juzi mtoto wangu mdogo alikuja analia kwamba ngalawa yake inapinduka. Nikaitazama, nikaona ameshona tanga kubwa kuliko mwili wa chombo, akitaka iwapite wenziwe wote. Nilimwambia alipunguze. Mama alikuwa amekaa karibu, akanitazama mimi badala ya mtoto, akacheka. Nami nilielewa, nikainama nikamshikia mwanangu uzi na sindano.

Basi, wasikilizaji wangu, ikiwa nanyi mna mchezo uliolala juu ya pau za nyumba zenu, uteremsheni, mradi kwanza mtazame kama juu yake pana makuti. Kwa herini.