Je, wajua? CInt, namba mgeni ndani ya Haskell

Haskell, lugha ya programu yenye jina la mwanamantiki Mmarekani Haskell Curry, haiwezi kujitenga. Sehemu kubwa ya mifumo endeshi na hifadhidata imeandikwa kwa lugha ya C, na anayetaka huduma zake hupokea pia namba zake. Namba hizo huingia Haskell zikiwa na aina zake zenyewe: CInt, CLong, CDouble. CInt yenye thamani ya 42 ukiichapisha kwa show, skrini inatoa 42 tu, huoni tofauti yoyote na Int ya nyumbani. Jaribu kuzijumlisha hizo mbili, na kompaila inakataa katakata. Wanafunzi wengi huona huo ni ukaidi. Mimi naona kompaila ina haki, kwa sababu kufanana kwenye skrini hakusemi lolote kuhusu nafasi ambayo namba inakalia. Katika kompyuta za leo za biti 64, Int ina biti 64 na CInt kwa kawaida 32. CLong ndiyo hatari zaidi: kwenye Linux ni biti 64, kwenye Windows ni 32, hata kama mashine ni ileile.

Kuna pingamizi zito. Watu huchoka, wakaandika kigeuzi fromIntegral kila mahali ili kompaila inyamaze. Ulinzi uko wapi basi? Ni kweli. Ipe fromIntegral Int ya 3,000,000,000 iigeuze kuwa CInt, nayo itakurudishia -1,294,967,296 bila kosa wala onyo. Ila hapo wa kulaumiwa ni kigeuzi hicho. Mpaka kati ya aina hauna kosa. Ndani ya moduli ya Data.Bits kuna toIntegralSized, ambayo hupima kwanza na kurudisha Maybe: namba ikitosha inakupa Just pamoja na thamani, isipotosha inakupa Nothing.

Atakayesema namba zisizotosha hazitokei aikumbuke roketi ya Ariane 5, iliyolipuka tarehe 4 Juni 1996 takriban sekunde 40 baada ya kuanza safari. Programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako kipimo kimoja cha mwendo hakikuwahi kuzidi nafasi yake. Ariane 5 ilikwenda kasi zaidi, na namba ya desimali ya biti 64 ikashindwa kuingia kwenye namba kamili ya biti 16. Lugha iliyotumika, Ada, haikunyamaza kama fromIntegral. Ilitoa taarifa ya kosa, lakini hapakuwa na msimbo wa kuipokea, na kompyuta zote mbili za mwelekeo, ya akiba na ile kuu, zikajizima. Kwa toIntegralSized huwezi kuitumia thamani iliyogeuzwa kabla ya kuifungua Maybe yake, na kompaila ikiwashiwa maonyo yake, itakuonya ukisahau kuandika la kufanya Nothing ikitokea.