Mzee wa Baraza Mahakamani: Kazi Yake Ilikuwa Nini?

Katika mkutano wa kikundi kimoja hapa Komarock kijana alitusimulia sinema ya Marekani: watu kumi na wawili wa kawaida wanajifungia chumbani kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Akauliza, "Kwani sisi hatuna watu kama hao?" Mzee mmoja, jirani yetu, akacheka. Kumbe yeye aliwahi kuketi Mahakama Kuu miaka ya tisini, kesi ya mauaji, na sisi hatukujua!

Hebu tueleze. Zamani za ukoloni watu kumi na wawili walikuwepo Kenya, lakini kwa Wazungu. Mwaka 1941 Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa Nairobi kwa kumuua Lord Erroll. Wale Wazungu wenzake wakasema hana hatia, akaenda zake. Neno lao lilimfunga jaji.

Mwafrika aliwekewa wazee wa baraza. Dedan Kimathi aliposhtakiwa Nyeri mwaka 1956, Jaji Mkuu Kenneth O'Connor aliketi na Waafrika watatu, na wote walisema ana hatia. Lakini hao walikuwa washauri tu. Jaji angeweza kuwasikia kisha aamue vingine.

Baada ya uhuru mpango huo wa wazee uliendelea katika kesi za mauaji. Mzee wetu anasema waliketi watatu, wakiwasikiliza mashahidi. Ukiwa na swali unapitia kwa jaji. Mawakili walipobishana kama mshtakiwa alikiri kwa hiari yake au alipigwa na polisi, wazee walitolewa nje, wakae kwenye korido mpaka waitwe, manake hawakutakiwa kusikia habari ya kukiri kabla jaji hajaikubali.

"Kesi inaahirishwa, unarudi baada ya miezi," anasema. "Nyumbani mama anakuuliza, huwezi kumwambia kitu."

Siku ya mwisho jaji aliwafafanulia sheria na ushahidi, kisha kila mmoja akatoa maoni yake kwa mdomo, mbele ya mshtakiwa. Wenzake wawili walisema ana hatia. Yeye alisema hana. Wakati ule adhabu ya mauaji ilikuwa moja, kunyongwa. Jaji alikubaliana na wale wawili. Mzee alirudi Komarock na matatu, na chakula cha jioni hakikupita.

Sheria ya wazee wa baraza iliondolewa Kenya mwaka 2007, ila kesi zilizokuwa zimeanza zilimalizika nao. Ndiyo sababu mwaka 2009, katika kesi ya Tom Cholmondeley, mwenye shamba wa Bonde la Ufa, bado walikuwepo wazee wawili. Wote walisema hana hatia. Jaji Muga Apondi akampata na hatia ya kuua bila kukusudia. Kwa maoni yetu, kumwita mtu aache kazi yake kwa miezi halafu neno lake liwekwe kando ni jambo gumu, ingawa jaji ndiye aliyepaswa kuandika sababu za hukumu. Uganda nao wamewahi kuwatumia wazee kama hao.

Kijana akamuuliza mzee, ungeitwa tena ungeenda?

"Ningeenda," akasema, "lakini na daftari. Shahidi wa kwanza nilimsahau, na labda yeye ndiye aliyesema lile neno."