Meli Iliyopakwa Grisi Ndipo Ikazamishwa

Jeshi linaporudi nyuma halina huruma na mali linayoiacha. Madaraja hulipuliwa, maghala hutiwa moto, na meli isiyo na pa kukimbilia hutiwa baruti tumboni ili adui akifika aokote vyuma chakavu. Wajerumani waliokuwa Kigoma mwezi Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walikuwa na meli ya namna hiyo. Majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yanakaribia, na Ziwa Tanganyika, kwa urefu wake wote wa kilomita zaidi ya 600, halina mlango wa kuitoa meli kubwa kwenda baharini.

Kazi ya kuizamisha walikabidhiwa mafundi walewale walioiunda: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Wakashuka kwenye chumba cha injini wakiwa na grisi, wakaanza kupaka. Walipaka mitambo yote kwa tabaka nene, kama mama anavyompaka mtoto mafuta msimu wa baridi, bila kuacha mkunjo. Kisha meli ikajazwa mchanga ili ikae imara chini, ikapelekwa karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, na tarehe 26 Julai 1916 ikashushwa polepole hadi kwenye kina cha mita zipatazo 20. Hawakutumia hata tambi moja ya baruti.

Meli hiyo leo tunaiita Liemba. Watu wengi wa Kigoma na Rukwa waliozaliwa karne iliyopita wameisafiria au wana ndugu aliyeisafiria, na kila mmoja wao ana deni kwa grisi ile.

Iliundwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer Werft mjini Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, karakana ambayo mpaka sasa inaunda meli kubwa za watalii. Ina urefu wa mita 71 na upana wa mita 10. Lakini kule Papenburg meli haikuundwa ili ielee, iliundwa ili ifunguliwe. Mabamba yake ya chuma yalishikizwa kwa bolti na nati, yakahakikiwa kuwa yanaoana, kisha yakafunguliwa tena kipande kwa kipande na kutiwa kwenye masanduku 5,000. Masanduku yakapakiwa melini hadi Dar es Salaam, yakapanda reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani, na bila reli hiyo meli yenyewe isingewezekana. Nikifikiria safari ile, kinachonishangaza zaidi ni hesabu. Sanduku moja tu lingepotea njiani, labda lenye kipande cha usukani, mafundi wangekaa ziwani wakisubiri kingine kutoka Ulaya, na vita ilikuwa imekwisha kufunga bahari.

Kigoma ikageuka karakana. Mafundi watatu wa Kijerumani walifanya kazi na mafundi wa Kihindi na vibarua wengi wa Kiafrika, ambao majina yao hayakuandikwa pamoja na yale matatu. Safari hii bolti hazikutosha. Mabamba yaliunganishwa kwa ribiti, yaani misumari minene ya chuma inayotiwa moto mpaka iwe nyekundu, ikapenyezwa kwenye tundu, ikagongwa kichwa upande wa pili ingali laini. Ikipoa hunywea na kuyavuta mabamba yabanane kuliko mkono wowote unavyoweza kuyakaza. Tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa majini, ikapewa jina la Graf von Götzen, gavana aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905. Kwa watu wa nchi hii halikuwa jina la heri.

Meli ikaingia vitani moja kwa moja. Ilibeba askari na vifaa kati ya Kigoma na Bismarckburg, mji tunaoujua kama Kasanga, na ikafungwa mzinga uliokuja kwa njia ya ajabu. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imenaswa na Waingereza ndani ya delta ya Rufiji, ikapigwa na kuachwa na mabaharia wake mwezi Julai 1915. Mizinga yake ikaopolewa na kutawanywa nchi nzima, na mmoja ukafika Kigoma. Mzinga uliotengenezwa kwa ajili ya bahari kuu ukaishia juu ya ziwa la maji baridi, katikati ya bara.

Waingereza nao walikuwa na mpango wao, na hapa historia inakuwa ngumu kuamini. Kutoka Uingereza walileta boti mbili ndogo za mbao, kila moja na urefu wa mita 12 hivi, chini ya ofisa wa jeshi la majini aitwaye Geoffrey Spicer-Simson. Alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wake wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, na wakubwa wakakubali wasijue kwamba kwa Kifaransa cha mitaani majina hayo ni mlio wa paka na mlio wa mbwa. Boti zikashushwa Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, na reli ilipoishia zikaburutwa porini na kuvushwa milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe. Mamia ya watu walikata miti, wakajenga madaraja, wakachota maji ya kunyweshea matrekta hayo. Kisha reli tena, Mto Lualaba, reli tena, mpaka ukingo wa Tanganyika upande wa Kongo, mwezi Oktoba 1915. Msomaji Mswahili atapenda kujua kwamba Spicer-Simson, aliyekuwa na mazoea ya kuvaa kitu kama sketi, alipewa na watu wa huko jina ambalo Waingereza waliliandika Bwana Chifunga-Tumbo.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, ikapewa jina jipya la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Waingereza wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Kesho yake Götzen yenyewe ikatokea kumtafuta mwenzake aliyepotea. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa tayari kutoka, kamanda wao akawazuia. Aliitazama meli ile kubwa ikipita na mzinga wake, akabaki ufukweni. Walioandika habari zake wengi humwita mwoga kwa siku hiyo. Mimi sioni sababu ya kumlaumu mtu mwenye boti ya mita 12 kwa kukataa kupigana na meli ya mita 71.

Miezi iliyofuata, mzinga ule ulitolewa ukapelekwa kupigana nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mti. Mwezi Juni 1916 ndege za Wabelgiji, zenye uwezo wa kutua juu ya maji, ziliruka kutoka ng'ambo na kuangusha mabomu Kigoma. Lililobaki kwa Wajerumani lilikuwa kuondoka, na ndipo mafundi watatu wakapewa amri ya kuizamisha meli yao.

Kwa nini wapake grisi? Walitarajia kurudi. Waliamini vita ingekwisha kwa ushindi, na siku hiyo wangeiinua meli waliyoitoa Ulaya ndani ya masanduku. Sidhani hiyo ndiyo sababu pekee. Fundi aliyegonga ribiti kwa mwaka mzima kwenye jua la Kigoma anajua kila bamba lilipo, na mkono uliounda kitu kwa muda mrefu hivyo hauwi mwepesi kukiharibu. Walitii amri ya kuzamisha, na ndani ya utii huo wakaificha huruma yao.

Kutu inahitaji vitu viwili kwa pamoja, maji na oksijeni. Kimoja kikikosekana, chuma kinabaki chuma. Grisi haichanganyiki na maji wala haiachi hewa iliyoyeyuka ndani ya maji ifike kwenye uso wa chuma, kwa hiyo injini iliyopakwa vizuri inakuwa kama imefungiwa ndani ya chupa. Ziwa nalo lilisaidia. Chumvi ya bahari huharakisha kutu sana, na maji ya Tanganyika ni baridi, yasiyo na chumvi nyingi. Meli ileile ingezamishwa Bahari ya Hindi, labda leo ingekuwa makao ya samaki tu.

Vita ilikwisha, Wajerumani hawakurudi. Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na tarehe 16 Machi 1924 wapigambizi na mafundi wa jeshi lao la majini wakaiinua. Walipofuta tope na grisi wakakuta injini na maboila bado vinafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini. Jina la gavana halikurudi. Meli iliitwa Liemba, jina ambalo David Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini mwa ziwa alipofika huko mwaka 1867, wao wakiliita hivyo ziwa lenyewe. Katika yote waliyoyafanya Waingereza ziwani hapo, kubadilisha jina lile nadhani ndilo jema kuliko yote.

Injini za mvuke zilidumu mpaka miaka ya 1970, zikabadilishwa kwa za dizeli. Kiwiliwili ni kilekile cha Papenburg. Kwa miongo mingi njia yake ilikuwa Kigoma hadi Mpulungu nchini Zambia na kurudi, ikibeba abiria hadi 600, na katika miaka ya karibuni safari zake zilisimama kupisha ukarabati mkubwa.

Nimewahi kuisafiria daraja la tatu, na kitu ambacho hakuna kitabu kilichoniandaa nacho ni namna ilivyokuwa ikipokea abiria. Vijiji vingi vya kando ya ziwa havikuwa na gati. Meli ilipofika mbele ya Kirando au Kipili ilisimama mbali na ufuko na kupiga honi, mlio mzito unaoingia kifuani. Kama ni usiku, kwanza unaona giza tupu, halafu taa moja, halafu kumi, zikija juu ya maji. Ni boti za mbao zimejaa watu, magunia ya dagaa, mahindi, kuku, magodoro. Zinagombania ubavu wa meli, zinagongana, wenye boti wanapigiana kelele, na mlango wa chuma uliopo ubavuni unafunguliwa karibu na usawa wa maji. Hapo ndipo abiria anapoingilia. Boti inapanda na wimbi, inashuka na wimbi, na mtu anachagua sekunde yake.

Mama mmoja aliyekuwa kwenye boti iliyokaribia zaidi alikuwa na mtoto wa kama mwaka mmoja. Hakusubiri wimbi litulie. "Kaka, nipokelee mtoto," alimwambia kijana aliyesimama mlangoni, mtu ambaye bila shaka hakuwa anamjua. Kijana akanyoosha mikono, boti ikainuka, mtoto akapita juu ya ufa mweusi wa maji kutoka mikono hadi mikono. Akampitisha kwa mwanamke wa nyuma yake, akageuka kumpokea mama mwenyewe, halafu gunia lake. Hakuna aliyeona ajabu. Niliporudi kukaa, nikaegemea ukuta wa meli, vichwa vya ribiti vikawa vinanigusa mgongoni, mstari mmoja ulionyooka, vikifuatana kama shanga.

Historia hii ingetosha kuishia hapo, lakini meli iliyoanza kazi kwa kubeba askari ilikuja kuitwa mara mbili kuwabeba waliowakimbia askari. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa uliitumia kuwarudisha kwao Wakongo waliokuwa wamekimbilia Tanzania wakati wa vita vilivyomwangusha Mobutu. Kwa miezi mitano ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, na waliorudi nyumbani katika zoezi hilo zima, si kwa Liemba pekee, walizidi 75,000.

Mara ya pili ilikuwa mwezi Mei 2015. Maelfu kwa maelfu ya Warundi walivuka mpaka wakikimbia machafuko, wakajikuta Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya ziwa na mlima, kisichokuwa na barabara ya gari. Watu walilala ufukweni, maji safi hayakutosha, kipindupindu kikaingia. Njia ya kuwatoa kwa wingi ilikuwa ziwa, na meli iliyokuwepo ilikuwa Liemba, ikiwa na umri wa miaka 100 tangu iguse maji.

Kagunga nako hakukuwa na gati. Ikasimama mbali na ufuko, kama ilivyosimama miaka yote mbele ya Kirando na Kipili. Wavuvi wakawajaza watu kwenye boti za mbao na kuwapeleka ubavuni mwake, akina mama wakinyoosha watoto juu, na mikono ikiwapokea kutoka ndani.